Vifuu, pumba, mlonge au sufi: kipi kinafaa kwa mtaro upi

Mvua zikishakata na mto Msimbazi wa hapa Dar es Salaam ukarudi kwenye weusi wake wa siku zote, simu yangu haipoi. Mara kijana wa Kigogo ananitumia video ya watu wanarusha mipira ya udongo mtoni, mara dada wa batiki anauliza mkaa wa vifuu unauzwaje, mara mtu kasoma mahali kwamba maganda ya ndizi yanavuta risasi (ile ya madini, sio ya bunduki) anataka twende soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo tubebe maganda yote tukayamwage mtoni. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nawapambanisha wote hapa, hizi taka na vitu vya asili ambavyo watu wanasema vinasafisha maji machafu. Mimi sio mkemia, ni mtu wa kikundi cha mazingira cha mtaani ambaye ameshachoma, ameshachemsha, ameshamwaga na ameshaaibika.

Nianze na aibu yenyewe maana ndo iliyonifundisha. Mwaka wetu wa kwanza tulijaza viroba vya mkaa tukavipanga ndani ya mtaro unaoshuka mtoni, tukapiga na picha, safi kabisa. Mvua ya kwanza ya vuli ikavibeba vyote, viwili tukavikuta vimeziba kalavati la chini na maji yameingia kwenye nyumba tatu. Mjumbe alituita na hakutuita kutupongeza. Na hata kabla ya mvua ile mkaa haukuwa unafanya kitu cha maana, kwa sababu maji yalikuwa yanapita juu na pembeni ya viroba kwa kasi, hayakai.

Hilo la kukaa ndo watu hawalioni kwenye video. Mkaa hausafishi maji kama chandarua kinavyozuia mbu, uchafu ulioyeyuka inabidi uingie kwenye vitundu vyake ugande humo, na hiyo inataka muda, dakika kadhaa mpaka masaa. Karibu kila jaribio unalolisikia limefanyika ndani ya chombo, maji na pumba vinatikiswa pamoja saa nzima. Mto hautikisiki saa nzima pale ulipo, mto unaondoka. Kwa hiyo nikisema kitu kinafaa hapa chini namaanisha kinafaa kwenye pipa, kwenye shimo, kwenye bwawa, au pale bomba la mtu linapotoka kabla halijaingia mtaroni. Mto wenyewe nitaufikia.

Vifuu na pumba za mpunga

Hawa ndo wanaogombaniwa zaidi. Vyote viwili ukivichoma kwa kunyimwa hewa unapata mkaa wa kuchujia, ila ni mikaa tofauti kabisa.

Kifuu ni kigumu, mkaa wake hausagiki ovyo na vitundu vyake ni vidogo mno, ndo maana vichujio vingi vya maji ya kunywa madukani ndani yake kuna mkaa wa nazi, ni mzuri kwa klorini, harufu na kemikali ndogondogo. Ule wa kiwandani unapitishwa kwenye mvuke wa nyuzi 800 mpaka 1,000 hivi na gramu moja inakuja na eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi 1,500, yaani kijiko kimoja cha mezani kinakaribia uwanja wa mpira. Wa kwetu wa kwenye pipa haufiki huko, usidanganywe na mtu anayekuuzia mkaa wa kuchoma nyama akakwambia ni sawa. Unafanya kazi, ila unahitaji mwingi zaidi na unachoka mapema. Na vifuu viwe vya nazi iliyokomaa. Tumewahi kubeba maganda ya madafu ya bure kutoka kwa wauza madafu tukaona tumepiga bao, kumbe kifuu cha dafu bado laini, kinatoka jivu jingi na mkaa wa kupukutika.

Pumba za mpunga ni nyepesi, zinapatikana kwa malundo kwenye mashine za kukoboa, na karibu asilimia 20 ya uzito wake ni jivu ambalo sehemu kubwa ni silika, kitu kilekile cha mchanga na kioo. Mkaa wake ni laini, unachafua mikono na maji ya mwanzo yanatoka meusi mpaka uuoshe, lakini kwa metali kama risasi na shaba na kwa baadhi ya rangi unajitahidi vizuri, afu kuuchoma ni rahisi, pumba zinaungua zenyewe taratibu kama sigara. Shida ya Dar ni kwamba pumba siku hizi zina wenyewe, wafugaji wa kuku wanazitaka na wachoma matofali wanazitaka, ukifika unaambiwa bei. Ukiwa Ifakara au Kyela kwenye mpunga wenyewe hilo halikuhusu.

Kama maji yako ni ya batiki chukua vifuu. Sababu yangu ni kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Mafundi wa batiki wanatumia kostiki na haidrosalfaiti kuyeyusha rangi, na kostiki kali hasa ikiwa ya moto inakula silika, kwa hiyo pumba zako zinaanza kuliwa taratibu. Halafu kuna ujanja ambao wengi wanaujua kwa macho bila kuutumia: rangi za namna hiyo zikikutana na hewa zinaacha kuyeyuka, ndo maana kitambaa kinabadilika rangi ukikitoa kwenye beseni. Basi na maji machafu yaache kwenye pipa lililo wazi siku mbili, koroga koroga yapate hewa, rangi nyingi itajikalia chini yenyewe, ndo upitishe yale ya juu kwenye mkaa. Mkaa wako utadumu mara nyingi zaidi. Ila ukali wa kostiki wenyewe mkaa hauutoi, maji yanaweza kuwa meupe pee na bado yakakuchubua ngozi, kwa hiyo kung'aa kusikudanganye.

Maganda mabichi ya ndizi

Habari ya maganda ya ndizi sio uongo. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walichapisha kazi yao, walitumia maganda yaliyokaushwa na kusagwa kuvuta shaba na risasi kutoka maji ya mto Paraná, na unga uleule waliweza kuutumia tena mpaka mara 11. Inatembea sana hii habari, ila inatembea bila maneno mawili, "yaliyokaushwa" na "maabara".

Ukimwaga maganda mabichi mtoni umemwaga chakula. Vijidudu vinashangilia, vinayala, na vinapoyala vinatumia oksijeni ya maji ambayo pale Msimbazi kwenye maji ya kiangazi imeshakuwa kidogo sana, matokeo yake ni harufu ya mayai viza na samaki waliobaki wanaelea. Hii inahusu kila taka mbichi: maranda, mabaki ya miwa, maganda ya mihogo, kila kitu. Maji yanayonuka hayahitaji kitu kingine cha kuoza ndani yake. Kwa hiyo kati ya ganda bichi na ganda lililochomwa hamna mjadala, choma. Kati ya kuchoma maganda ya ndizi na kuchoma vifuu, vifuu, maana ganda la ndizi karibu lote ni maji, utakausha wiki upate kiganja cha mkaa. Maganda wapeni mbuzi.

Mlonge na shabu

Hapa tunahama kabisa, hawa hawavuti kilichoyeyuka bali tope na vumbi linaloelea. Punje ya mlonge ina protini yenye chaji chanya, na chembe za udongo majini nyingi zina chaji hasi, zikikutana zinashikana, zinakuwa madonge, yanazama. Wanawake wa vijiji vya mto Nile kule Sudan walikuwa wanafanya hivi tangu zamani, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn ndiye aliyeandika sana kuhusu maarifa yao miaka ya 1970 na 1980. Sisi pwani shabu, ile chumvi ya mabonge yenye alumini, tunaijua vilevile, bibi zetu walizungusha kipande cha shabu kwenye mtungi.

Kizuri ni kwamba mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta ya mlonge bado yana ile protini, kwa hiyo unaweza kutumia taka kweli na sio kununua mbegu za bei mbaya kwa wauza dawa za asili. Na tofauti na shabu, mlonge hauyapeleki maji kwenye ukali wa tindikali, na tope linalobaki chini ni kidogo zaidi na halina alumini, ukilianika halikusumbui sana.

Ubaya wake, mlonge unaacha ndani ya maji vitu vingine vya mbegu ambavyo vitaoza. Sisi tulizidisha, mtu kamwaga kopo zima kwenye pipa la lita 200 kwa imani kwamba dawa ikizidi ndo inatibu zaidi, jioni maji yalikuwa yanapendeza, kesho yake mchana hakuna aliyeweza kusogelea lile pipa. Shabu haina hilo. Shabu unainunua, ipo kila mahali, kipimo kinajulikana, na ukikosea kidogo hainuki.

Kwa wenye kuosha magari wanaotaka kurudia maji yaleyale, mashudu ya mlonge ni chaguo zuri kama utayatumia maji siku hiyohiyo: koroga haraka dakika moja, koroga polepole kama kumi, acha saa moja au mbili, chota ya juu. Kama maji yanakaa siku tatu, nunua shabu tu, usijitese. Na kwa mto unaotembea vyote viwili ni sifuri, donge haliwezi kuzama kwenye maji yanayokimbia.

Oili chafu: nywele, maranda, makumbi, sufi

Hii ndo sehemu ninayoipenda, na kwa maoni yangu ndo ambako taka za asili zinashinda kweli sio kwa kubembelezwa. Gereji zetu zinamwaga oili chafu chini, mvua inaipeleka mtaroni, inaelea. Wenzetu wa Nairobi pale Grogan gereji zimepakana na mto kabisa. Kwa sababu oili inaelea, huhitaji kutibu maji yote, unahitaji kitu cha kuelea juu kinachokunywa oili na kukataa maji.

Nywele zilianza kuvuma Marekani baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Kinyozi mmoja wa Alabama anaitwa Phil McCrory aliona kwenye televisheni manyoya ya wanyama yamejaa mafuta akajiuliza kwa nini asijaribu nywele anazofagia kila siku. Leo zinatengenezwa mikeka ya nywele. Na mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipokwama kwenye miamba ya Mauritius mafuta yakaanza kuvuja, wananchi hawakusubiri serikali, walishona vifuko virefu wakajaza majani ya miwa, wakafunga chupa za plastiki vielee, wengine wakakata nywele zao. Zile chupa ndo siri ya kuzingatia: majani ya miwa na maranda hunywa maji pia, yakishalowa yanazama na oili yao. Umeificha oili chini, hujaitoa.

Kwa hiyo maranda tumia nchi kavu. Oili ikimwagika kwenye sakafu ya gereji mwaga maranda, fagia, imeisha, hata mtaroni haifiki, na hakuna kitu cha bei rahisi kuliko hicho. Makumbi ya nazi yana nguvu kuliko maranda, hayaozi haraka, yanafaa kujazwa kwenye nyavu na kuwekwa kama kizingiti mdomoni mwa mtaro. Nywele za saluni ni nzuri lakini hapa kwetu nusu ya nywele za saluni za kina dada ni za plastiki, rasta na mawigi, utakaa kuchambua mpaka jioni, kachukue za kinyozi wa wanaume.

Bingwa wa hii ligi ni sufi. Ile ile ya mito ya bibi. Kila uzi wa sufi ni bomba tupu lenye nta kwa nje, maji hayaingii, oili inaingia, na kwenye vipimo vya maabara imebeba zaidi ya mara 30 ya uzito wake, wakati nywele zinatajwa kwenye mara tano hivi. Inaelea yenyewe bila chupa. Msufi upo pwani yote na watu wanatupa mito ya zamani kwa sababu wamehamia sponji. Mto mmoja uliochakaa ukiugawa kwenye soksi kuukuu tatu nne, ukazifunga kwa kamba mdomoni mwa mtaro wa gereji, unapata kitu ambacho hata mimi sikuamini mpaka nilipoikamua soksi ya kwanza ikatoa oili karibu tupu. Unaikamua, unairudisha. Oili uliyokamua weka kwenye dumu, ina wanunuzi wake.

Tahadhari moja, sufi inashika moto kama petroli. Isikae karibu na mtu anayechomelea.

Mipira ya udongo na visiwa vya matete

Sasa ile video. Mipira ile ni udongo, pumba laini, molasi na mchanganyiko wa vijidudu uliobuniwa na Teruo Higa wa Okinawa, Japani, miaka ya 1980. Penang, Malaysia, mwaka 2009 walirusha zaidi ya milioni moja kwa siku moja, na Honolulu wanairusha kwenye mfereji wa Ala Wai. Inavutia kupiga picha, watoto wanafurahi, viongozi wanakuja. Lakini angalia kilichomo: pumba na molasi, tumesharudi kwenye chakula. Watafiti wa Uholanzi waliijaribu dhidi ya ule ukoga wa kijani wenye sumu na mwaka 2010 wakachapisha kwamba haiudhibiti. Sikatazi mtu kuamini, ila hela ya kikundi changu haitaenda huko.

Kisiwa cha matete ni kazi ya kijinga kijinga: fremu ya mianzi, chupa za maji za plastiki chini ili kielee, juu makumbi ya nazi kama godoro, unapanda matete au vetiva (nyasi ya mizizi mirefu), unafunga kwa kamba kwenye maji yaliyotulia. Mizizi inaning'inia, vijidudu vinajenga nyumba humo, vinakula uchafu, mmea unakula fosfeti na naitreti, yaani mbolea iliyoyeyuka majini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya kazi ya miaka mingi na mabwawa ya matete ya kutibu majitaka, kwa hiyo sio kitu cha kuagiza nje. Ni taratibu, unahesabu miezi, na lazima uyakate matete uyaondoe, ukiyaacha yaoze palepale umerudisha kila kitu ulichovuta. Mtu asikudanganye utumie magugumaji badala ya matete kwa sababu yanakua haraka, ndio yanakua haraka, yanaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili au chini ya hapo, waulize watu wa Ziwa Victoria walivyoteseka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kisiwa nacho kwenye Msimbazi wenyewe siweki, mafuriko ya Jangwani yanabeba mpaka makontena, itakuwa kiroba changu cha mkaa sehemu ya pili. Weka kwenye bwawa, kwenye kona iliyotulia, na kabla ya kuweka chochote ongea na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, maana sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na hutaki kuelezea visiwa vyako kituoni.

Ambacho hakuna hata kimoja kinaweza

Kinyesi. Sehemu kubwa ya tatizo la mitaro yetu ni vyoo vinavyotapishwa mvua ikianza, na mkaa, mlonge, sufi, hamna kinachoua vijidudu vya kipindupindu kwa uhakika. Mlonge unapunguza bakteria kwa sababu wanazama na tope, ila wanaobaki wanatosha kukulaza. Kama mtaro wako unanuka choo, hela yako ilipe mtu wa kunyonya vyoo vitatu vya juu, utapata mabadiliko kuliko tani ya vifuu. Damu ya machinjio na yenyewe inataka bwawa au mtambo wa gesi, mkaa utaziba siku ya kwanza.

Na mwisho wa mkaa uliotumika, hapa watu wengi wanakosea vibaya. Mkaa uliovuta rangi au metali umejaa sumu uliyoitoa kwenye maji, sasa iko mkononi mwako kwenye kiroba. Bustani za mchicha bonde la Msimbazi zina kesi ya metali nzito tayari, usiwape mkaa wako kama mbolea. Mkaa uliovuta fosfeti tu kwenye maji ya bwawa la samaki, huo sawa, peleka shambani. Wa batiki, wa gereji ya betri, wa kiwanda cha ngozi wenye kromiamu, hapana, ukauke, ufungwe, na kama huna pa kuupeleka basi usianze kuuvuta, mwambie mwenye kiwanda atibu maji yake mwenyewe.

Kwa hiyo dada wa batiki, wewe mapipa mawili na ndoo moja ya vifuu. Mwenye gereji, maranda sakafuni na soksi za sufi mdomoni mwa mtaro, anza wiki hii, haina gharama. Muosha magari, mlonge kama una mkamuaji karibu, vinginevyo shabu. Kijana wa Kigogo, mipira iache, nitafutie mianzi sita na chupa kama mia mbili, kuna kidimbwi nyuma ya shule nimekiona hakina mkondo. Na yeyote mwingine, usinunue mkaa kwanza, njoo Jumamosi na maji yako kwenye chupa ya lita moja na nusu, tuyaache yatulie usiku mmoja tuone kinachoelea, kinachozama na kinachobaki katikati.